Mjomba, Nifanyeje Nifaulu Biolojia?

Desemba iliyopita mpwa wangu alikuja kukaa nasi wakati wa likizo. Alikuwa amemaliza kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya kata, na baada ya kunisalimu na kunipa habari za nyumbani alinikabidhi ripoti yake kwa mikono miwili, macho yakiwa chini. Kiswahili alikuwa amepata B, Historia na Jiografia C. Kwenye mstari wa Biolojia paliandikwa alama 27, na pembeni yake herufi F. Hatukuizungumzia siku hiyo. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa barazani, aliniuliza mwenyewe: "Mjomba, nifanyeje nifaulu Biolojia?"

Mimi si mwalimu wa Biolojia. Fani yangu ni sayansi za jamii, na mara ya mwisho kuketi katika chumba cha mtihani wa somo hilo ilikuwa mwaka 1997. Jibu lililonijia mdomoni ni lile ambalo watu wazima wote hulitoa: soma kwa bidii, tafuta mitihani ya miaka iliyopita, punguza simu. Nililimeza, kwa sababu nina deni la zamani na somo hili ambalo nitalieleza mbele kidogo. Nikamwambia alete daftari lake.

Makala haya ni jibu refu la swali lile. Hoja yangu, ndugu msomaji, ni kwamba tumeligeuza somo linalohusu uhai kuwa somo la kukariri maneno, na kwa sababu hiyo anayepata F na anayepata B mara nyingi hutoka darasani wakiwa na ujinga wa aina moja. Tofauti yao ni kumbukumbu. Mwanafunzi anayetaka kufaulu kwa kweli hana budi kuukataa mtindo huo kwa makusudi; nasi tuliopewa dhamana ya shule hizi tuna wajibu wa kuacha kumlazimisha aufuate.

Kitunguu na chumvi

Nilimwuliza osmosisi ni nini. Alinyoosha mgongo, akafumba macho kidogo, akaitamka fasili yote kwa Kiingereza bila kuvuta pumzi, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Haikuwa na kosa hata moja. Nikamwomba anieleze jambo hilohilo kwa Kiswahili. Akanyamaza. Nikamwuliza utando alioutaja katika fasili yake uko wapi katika mwili wake. Akatazama juu, kana kwamba jibu limeandikwa darini.

Jioni alikuwa jikoni akiandaa kachumbari. Alikata vitunguu, akavinyunyizia chumvi, akavifunika, akaendelea na nyanya. Aliporudi kwenye bakuli, vitunguu vilikuwa vimelegea na chini yake pametuama maji.

"Umetia maji humu?" nilimwuliza.

"Hapana, mjomba. Ni maji ya vitunguu vyenyewe. Ukitia chumvi vinatoa maji, ukali unapungua."

"Yalikuwa wapi kabla hujatia chumvi?"

"Ndani ya vitunguu."

"Yametokaje bila wewe kuvikamua?"

Alikaa kimya, kisu kikiwa mkononi. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeogopa kukosea: "Yamepita kwenye ule utando wa seli." Akanitazama. "Kumbe ndiyo hiyo, mjomba?"

Ndiyo hiyo. Maji huhama kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi, yakipita katika utando unaoyaruhusu maji na kuizuia chumvi. Mama muuza mboga sokoni analijua jambo hilo kwa upande wake wa pili: mchicha ukinyauka huuchovya katika maji safi, na baada ya muda majani husimama tena, kwa kuwa sasa maji yanaingia ndani ya seli badala ya kutoka. Mwuguzi analijua pia. Ndiyo maana dripu haiwi maji matupu. Mpwa wangu alikuwa ameishi na osmosisi tangu alipoanza kushika kisu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kilichoandikwa ubaoni na kilichomo katika bakuli ni kitu kimoja.

Lugha iliyokatwa njiani

Nililipekua daftari lake usiku ule. Lilikuwa safi, mwandiko mzuri, limenakiliwa kutoka ubaoni neno kwa neno. Katika kurasa zaidi ya mia moja sikukuta swali hata moja aliloliuliza yeye. Michoro ilikuwa michache, nayo ilinakiliwa kutoka mchoro wa mwalimu, ambaye naye aliunakili kutoka kitabuni.

Mtoto wa Kitanzania anayesoma shule ya msingi ya serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili hadi anapomaliza darasa la saba. Hujifunza usanisinuru, neno ambalo lenyewe ni maelezo: kusanisi ni kuunda kwa kuunganisha, na nuru ndiyo nuru tunayoijua. Januari ya kidato cha kwanza neno hilo huondolewa, likawekwa la Kiingereza lililoundwa kwa mizizi ya Kigiriki, na mara nyingi hakuna anayemwambia mtoto kwamba ni jambo lilelile alilolijibu katika mtihani wa miezi michache iliyopita. Anaanza upya, mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

Hili tumeliona zamani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kwa hiyo kisingizio cha kukosa istilahi kimekwisha kufa zaidi ya miaka 30 sasa, ingawa hatujakizika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Tamko hilo nalo halikufika darasani. Wakati huohuo, taarifa za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa zimekuwa zikirudia kwamba miongoni mwa sababu za kushindwa ni umahiri mdogo wa Kiingereza. Tunampima mgonjwa, tunaandika majibu ya kipimo, tunayafungia kabatini, kisha tunampa dawa ileile.

Ninaijua hoja ya upande wa pili. Wazazi wengi wanakitaka Kiingereza, na wana sababu: ajira, masomo ya juu, vitabu. Siwabezi, mimi mwenyewe niliandika tasnifu yangu ya uzamivu kwa lugha hiyo. Lakini mtoto asiyeelewa somo hawezi kujifunza Kiingereza kupitia somo hilo. Anajifunza kunakili. Tena Kiingereza peke yake hakielezi yote, maana nimewasikia wanafunzi wa shule za mchepuo wa Kiingereza wakikariri fasili zilezile kwa lafudhi nzuri zaidi. Lipo swali la ndani kuliko la lugha: tunamtaka mwanafunzi afanye nini na kile anachokijua? Hapo ndipo deni langu linapoingia.

B yangu

Nilifaulu Biolojia ya kidato cha nne kwa B. Shule yetu haikuwa na maabara, hivyo tulifanya ule mtihani mbadala wa vitendo: karatasi inakuonyesha kifaa, wewe unaandika kingetumikaje. Nilieleza vizuri hatua za kutumia hadubini ambayo sikuwa nimewahi kuigusa. Nilichora pia ule mraba wa urithi wenye vyumba vinne, nikionyesha kwamba wazazi wawili wenye afya, ikiwa kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu, wanaweza kupata mtoto mwenye ugonjwa huo, na kwamba katika kila ujauzito uwezekano ni robo. Nina hakika nilipata alama zote za swali hilo.

Miaka minne baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilirudi nyumbani Kanda ya Ziwa kwa msiba. Mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa amefariki. Tangu uchanga wake alikuwa mtoto wa kuugua: vidole vya mikono na miguu vilivimba, macho yalikuwa na umanjano, alilia usiku kwa maumivu ya mifupa, na mara mbili aliongezewa damu. Kama ugonjwa wake uliwahi kupewa jina hospitalini, jina hilo halikufika nyumbani. Kaka yake aliyemtangulia alikuwa mzima kabisa, na jambo hilo ndilo lililowatia watu shaka. Baada ya matanga kiliitishwa kikao cha ukoo, na swali lililowekwa mbele ya kikao lilikuwa moja tu: nani? Wazee walizungumza hadi usiku wa manane. Vidole viliishia kwa shangazi yetu mjane, ambaye kosa lake lilikuwa kuishi jirani na kumpenda mno yule mtoto.

Nilikuwamo kikaoni. Nilikuwa msomi pekee. Hata daftari la kumbukumbu za kikao nilipewa mimi. Na katika usiku ule wote haikunipitikia akilini kwamba jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa swali nililolijibu kwa usahihi mwaka 1997. Ingekuwa afadhali kama ningeweza kusema nilinyamaza kwa kuwaogopa wazee. Nilinyamaza kwa sababu sikuona uhusiano. Selimundu kwangu ilikuwa kitu cha karatasini, chenye jina la Kiingereza, herufi kubwa na herufi ndogo. Mtoto yule alikuwa mtoto wetu, na alikuwa amekufa. 

Shangazi alihamia kwa binti yake katika wilaya nyingine, akazikwa hukohuko. Mimi nililitambua jambo lile miaka mingi baadaye, nikisubiri kumwona mgonjwa hospitalini, nikisoma bango lililobandikwa ukutani kwa Kiswahili: kuvimba vidole, macho ya njano, maumivu ya mifupa, upungufu wa damu. Kaka na mkewe walipokubali kupimwa, wote wawili walikutwa wamebeba jeni hiyo.

Uchungu huzidi ukijua kwamba sehemu ya elimu hii ilipatikana kwetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyebeba jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo sababu jeni hiyo imedumu katika maeneo yenye malaria nyingi. Miongoni mwa watu ambao damu zao zilipimwa katika kazi zake za miaka hiyo ni watu wa Musoma. Mfano huo umo katika vitabu vya Biolojia duniani kote. Damu ilitoka kwetu, maarifa yakaenda ulimwenguni, na yaliporudi katika shule zetu yalirudi yakiwa swali la kukariri.

Deni la taifa

Ningekiacha kisa hiki kibaki cha familia yangu kama kisingekuwa kinajirudia kitaifa. Ule mraba wa vyumba vinne hutumika pia kufundishia urithi wa ualbino. Kuanzia katikati ya muongo wa 2000, Watanzania wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo, wakauawa kwa imani za kishirikina, wakiwamo watoto. Katika miaka hiyohiyo watahiniwa wetu walikuwa wakiufundishwa urithi huo na kuujibia mtihani. Viungo vile havikununuliwa kwa pesa ya mkulima wa jembe la mkono. Walionunua walikuwa watu wenye uwezo, na sidhani kwamba wote walikosa kupita kidato cha nne.

Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ndefu kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, ikiaminika kuwa inatibu magonjwa sugu, Ukimwi na kisukari yakiwamo. Simhukumu marehemu, wala siwacheki wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa. Ninajiuliza kuhusu sisi wenye vyeti. Mada ya mwanzo kabisa ya Biolojia ya kidato cha kwanza inahusu hatua za uchunguzi wa kisayansi: kutazama, kuuliza swali, kukisia jibu, kulijaribu, kulinganisha kilichopewa dawa na kisichopewa, ndipo kuhitimisha. Tuliifaulu mada hiyo kwa maelfu. Siku tulipoihitaji, wengi wetu hatukukumbuka kwamba tunayo.

Ndiyo maana nasema swali la mpwa wangu ni zito kuliko alivyodhani. Kwa viwango vya sasa vya mtihani wa kidato cha nne, alama 30 ni D, na mwenye D amefaulu. Angehitaji alama tatu tu za nyongeza. Kumwongezea alama tatu za kukariri ni kazi ya wiki moja, na angekuwa amefaulu kama nilivyofaulu mimi.

Jibu kwa mpwa wangu

Tulifanya mambo manne katika likizo ile. Ninayaandika hapa kwa ajili ya wanafunzi wanaonisoma, kwa kuwa hayahitaji masomo ya ziada ya kulipia.

La kwanza, eleza kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Kila mada alipoimaliza alifunga daftari, akamweleza mdogo wake au yeyote aliyekuwapo. Mahali alipokwama ndipo hasa alipokuwa hajui, na hapo ndipo alipofungua kitabu. Baada ya kuelewa aliandika sentensi tatu au nne za Kiingereza alizozijenga mwenyewe. Hatua hiyo ya pili haikwepeki, kwa kuwa mtihani utaandikwa kwa Kiingereza, upende usipende. Lakini sentensi fupi uliyoijenga haikukimbii chumba cha mtihani. Ndefu uliyoiazima hukukimbia ukisahau neno moja.

La pili, chora kutoka kwenye kitu chenyewe. Tulikata ua la boga bustanini tukalipasua kwa wembe, akakuta lina sehemu za kiume tu. Akashangaa, maana mchoro wa daftarini ulikuwa na zote. Tukatafuta jingine, lile lenye kiboga kidogo chini yake, na hapo akaelewa kwa macho yake kwamba yapo maua ya kiume na ya kike, na kwa nini boga haliwi boga bila mdudu wa kuhamisha chavua. Krismasi kuku alichambuliwa kabla ya kuingia sufuriani: firigisi, ini, moyo, utumbo, kila kimoja na kazi yake. Samaki aliletwa, tukafunua matamvua yake, tukauliza kwa nini ni mekundu na kwa nini yana nyuzi nyingi.

La tatu, jaribu, kisha linganisha. Tulichukua chupa tatu za maji ya vuguvugu. Ya kwanza tulitia hamira na sukari, ya pili hamira peke yake, ya tatu sukari peke yake. Kila moja tukaivika puto mdomoni. Baada ya muda puto la chupa ya kwanza lilisimama na mengine yakabaki yamelala. Nilimwuliza kwa nini tulipoteza chupa mbili ilhali tulijua ni ya kwanza itakayofanya kazi. Alifikiri, akasema: "Bila zile mbili, tungesema ni maji ya moto tu yaliyolipandisha." Nilimwambia kwamba sentensi hiyo ina thamani kuliko ukurasa mzima wa daftari lake, na kwamba yapo mataifa yanayopoteza pesa na watu kwa kukosa chupa mbili.

La nne, mitihani iliyopita ije mwisho. Tuliichukua karatasi yake ya alama 27 tukaipitia kwa kalamu. Mahali alipoulizwa aeleze sababu, aliorodhesha majina. Mahali alipotakiwa kutofautisha vitu viwili, alitoa fasili ya kimoja na fasili ya cha pili bila kuvikutanisha. Mambo mengine aliyajua. Hakuwa amekisoma kitenzi cha swali. Mwanafunzi anayeelewa mada hufaidika sana na mitihani iliyopita kwa kuwa humfundisha namna ya kujibu. Asiyeelewa hukariri majibu ya mwaka juzi na kuyapeleka kwa swali la mwaka huu.

Wajibu wetu

Sitaki mzigo wote umwangukie mtoto, wala mwalimu wake. Nimewaona walimu wa Biolojia wanaobeba vidato vinne peke yao, katika madarasa ambayo hata kupita kati ya madawati ni kazi. Mwalimu wa namna hiyo akiandika maelezo ubaoni na kuondoka, ameokoa kile kinachookoka. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 iliwafungulia watoto wengi mlango, na ninaiunga mkono; lakini mtoto akishapita mlangoni anastahili kukuta mtu mwenye muda wa kumsikiliza.

Wenzangu watumishi wa umma wanaikumbuka kampeni ya maabara ya mwaka 2014 na 2015, tulipohimizwa kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na wananchi wakachangia hadi wa mwisho. Nimeingia katika baadhi ya majengo yale. Mengine yanafanya kazi nzuri. Mengine yamekuwa madarasa au stoo, na katika moja nilikuta sinki lisilo na bomba likiwa limejaa chaki. Tulihesabu majengo kwa kuwa majengo huhesabika, yakapigwa picha, yakaingia katika taarifa. Ombi langu kwa maofisa elimu ni dogo: mnapokagua shule, msiulize maabara ipo? Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili mara ya mwisho kugusa kifaa ilikuwa lini, na alikiona nini.

Kwa watunga mitihani ombi langu ni kubwa zaidi, kwa sababu mwalimu hufundisha kinachoulizwa. Swali linalomtaka mtahiniwa atoe fasili litazaa fasili. Swali linalomweleza kwamba mtoto wa miaka sita ana vidole vilivyovimba na macho ya njano, ndugu yake ni mzima, na jamaa wanasema amerogwa, kisha likamtaka mtahiniwa aandike atakachowaambia jamaa hao, litazaa darasa la aina nyingine.

Na kuhusu lugha, hatuna haja ya kusubiri vita kubwa ya sera imalizike. Walimu wengi wanaeleza kwa Kiswahili tayari, mlango ukiwa umefungwa, kama watu wanaotenda kosa, nje kukiwa na bango linalowaamuru watoto waongee Kiingereza tu. Tuhalalishe wanachokifanya. Kila kitabu cha Biolojia kiwe na orodha ya istilahi kwa lugha zote mbili. Wanaharakati wa elimu, ambao wamepigania madawati na matundu ya vyoo kwa mafanikio, waichukue na hii iwe ajenda yao.

Juni mwaka huu mpwa wangu alikwenda kwa bibi yake, yaani mama yangu mzazi, nami nikawafuata mwishoni mwa juma. Shuleni walikuwa wamefika mada ya urithi. Nilimkuta ameketi na bibi ukumbini, wamemwaga maharage mekundu na meupe kwenye ungo. Jekundu lilikuwa jeni nzima, jeupe jeni ya selimundu. Baba alikuwa na jekundu na jeupe, mama naye vivyo hivyo, na bibi alikuwa akiokota moja kutoka kila upande bila kutazama, tena na tena, wakihesabu watoto. Nilisimama mlangoni sikuingilia.

Walipofikisha watoto wengi bibi aliacha kuokota. Akaangalia mafungu, akaangalia yale maharage mawili meupe yaliyokaa pamoja.

"Kwa hiyo yule mtoto," akasema, "hakuna aliyemroga?"

"Hakuna, bibi."

Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akalitaja jina la shangazi. Hakusema zaidi ya hapo.

Mtihani wa taifa ni Novemba. Katika majaribio ya mwisho mpwa wangu alipata alama 58, na ninaomba afaulu, kwa kuwa cheti ni cheti na dunia itamdai. Lakini mimi nimekwisha kuona amefaulu. Alifaulu siku ile, kwa Kiswahili, mbele ya msahihishaji ambaye hajui kusoma, katika swali ambalo mjomba wake mwenye B na shahada tatu alilikosa.